Kila Mtu Kumi, Baki kwa Chungu

Nyinyi walimu wadogo, wekeni kalamu chini mnisikilize. Juzi mmoja wenu alikuja kuniona, nikampa chai, akaanza kunieleza ati kuna njia mpya ya kufundisha watoto kugawanya namba kubwa. Mtoto hatafuti jibu lote mara moja. Anatoa kidogo, anatoa tena, anatoa tena, mwisho anajumlisha alivyotoa. Akanichorea kwa karatasi. Nikaiangalia ile karatasi nikamwambia, "Hiyo nilifundisha kabla mama yako hajaota meno." Akacheka kwa adabu. Alidhani ni uzee.

Si uzee. Nitawaambia ilivyokuwa, na nitasema pia mahali nilipokosea, kwa maana mzee anayewahadithia vijana ushindi wake peke yake anawapotezea wakati.

Kwanza mjue mimi sikusoma sana. Nilifika darasa la nne nikatolewa nikalee wadogo zangu. Nikachuma kahawa, nikalima, nikaolewa, nikaendelea kulima. Halafu uhuru ukaja, na shule zikaanza kuota kila kilima. Wazazi walisimamisha mbao, wakakandika udongo, wakapigilia mabati, na kufumba na kufumbua madarasa yakawa mengi kuliko walimu. Upande wetu, juu ya Karatina ukielekea msitu, kamati ya shule ilitafuta mtu anayejua kusoma, asiyelewa, na ambaye watoto wanamwogopa. Watu wa namna hiyo walikuwa wawili, na yule mwingine alikuwa ameshapata kazi ya kupima mchele kule Wang'uru. Basi nikawa mwalimu.

Nilipewa darasa la pili. Kazi niliiweza. Kusoma, kuandika, kujumlisha, kunawa uso, kufunga kamba za viatu kwa wale walio na viatu. Tulifundisha kwa lugha tatu: Kikuyu cha kueleza, Kiswahili cha kugombeza, na Kiingereza cha kuombea ruhusa ya choo. Miaka mitatu nilikaa hapo nimetulia. Na niseme ukweli, nilipenda kuitwa Mwalimu. Nikipita sokoni Karatina, mwanamke aliyesoma kunizidi alikuwa ananisalimia, "Mwalimu, uko mzima?" Mtu aliyetolewa darasa la nne akisikia hivyo, mgongo unanyooka wenyewe.

Ndipo mwalimu wa darasa la tano akahamishwa, na hedimasta akaniita ofisini.

"Mwalimu Nyawira, utachukua la tano."

Nikamwambia, "Hedimasta, mimi mwenyewe sikufika la tano."

"Najua," akasema. "Lakini wao hawajui."

Hivyo ndivyo nilivyoingia. Kusoma hakukunisumbua, na jiografia niliisoma jioni nikaifundisha asubuhi. Kilichonisubiri kilikuwa kwenye ukurasa wa kumi na nane wa kitabu cha hesabu: kugawanya kurefu. Mnajua ile ya kitabu. Namba ndani ya kibanda, nyingine nje mlangoni, jibu juu ya paa, halafu namba zinateremka chini moja moja kama watu wanashuka ngazi. Nilikuwa sijawahi kuifanya hata siku moja. Nilinakili mfano wa kitabu ubaoni, mstari kwa mstari, pamoja na jibu, nikasimama kando kana kwamba nimeipika mimi.

Msichana wa mbele akainua mkono. "Mwalimu, hiyo sita inashuka chini kwa nini?"

Nikaiangalia ile sita. Sikujua kwa nini inashuka. Darasa lote lilikuwa linaningoja, watoto arobaini na kitu, na nje mvua inanyesha kwa mabati.

Nikasema, "Inashuka kwa sababu imechoka."

Wakaandika. Watoto wa siku hizo walikuwa wanaandika chochote unachosema. Kumbukeni hilo neno, kwa maana litarudi kuniaibisha.

Wiki hiyo ilikuwa mbaya. Nilitoa hesabu kumi, wakakosa kumi. Nikawagombeza. Nikatoa nyingine, wakakosa, na mimi mwenyewe sikuweza kuwaonyesha walikosea wapi, nilikuwa natazama majibu nyuma ya kitabu tu. Kugombeza ndiko kunakobaki kwa mwalimu asiyejua. Mkijikuta mnagombeza sana, jiulizeni ni nini hamjui.

Jumamosi tulikuwa na ngwatio. Labda hamjui ngwatio, nyinyi mnanunua kila kitu dukani. Ni akina mama wanaolimiana kwa zamu: leo tuko shamba lako, kesho shamba langu. Siku hiyo tulikuwa saba, tumechimba viazi kwa shamba la Cucu Wairimu. Cucu kwa Kikuyu ni nyanya, na Cucu Wairimu ndiye alikuwa mkubwa wetu, mama aliyezeeka mwili lakini mdomo ukabaki msichana. Hakujua kusoma hata herufi moja. Kazi ikiisha, mwenye shamba alikuwa anatenga rundo moja la kugawia waliomsaidia, na mgawaji alikuwa Cucu kila mara, shamba liwe la yeyote.

Nilikaa kwenye nyasi nikamtazama. Hakuhesabu rundo. Alipita kwa kila mtu akimhesabia viazi kumi. Akarudi kwa rundo, akaliangalia, akapita tena, kumi kumi. Akarudi. Sasa rundo lilikuwa limenywea. Akapita na viazi vinne kwa kila mtu. Vikabaki viwili.

"Hivyo viwili ni vya chungu," akasema, akavirusha kwa sufuria iliyokuwa motoni. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi: kisichogawanyika hakina mwenyewe, kinapikwa kinaliwa na wote.

Nilikuwa nimewahi kuona hayo mara mia. Lakini siku hiyo kichwa kilikuwa na ukurasa wa kumi na nane. Nikahesabu vyangu: ishirini na vinne. Kumi, na kumi, na vinne. Rundo lilikuwa viazi mia moja na sabini, tumegawanya kwa saba, kila mtu ishirini na nne, baki mbili. Na hakuna aliyeshuka ngazi.

Nikamwuliza, "Cucu, unajuaje utatoa kumi na si tano?"

"Sijui. Naangalia rundo. Rundo likiwa kubwa, mkono unakuwa mkubwa. Rundo likipungua, mkono unapungua."

"Na ukikosea ukatoa kidogo?"

"Nikitoa kidogo natoa tena. Kuna mtu ananifukuza?"

"Na ukitoa nyingi kupita?"

"Hapo kuna mmoja wenu atakosa, na atanitukana. Nachukua narudisha, natoa kidogo." Akanitazama, akaniita kwa jina la mtoto wangu. "Mama Njeri, wewe ni mwalimu na unaniuliza mimi hesabu?"

Wenzangu wakacheka mpaka mmoja akamwaga chai. Niliwaacha wacheke. Mimi nilikuwa nimepata kazi yangu.

Jumatatu niliingia darasani na kikapu. Hapa nilikosea tena, na mnisikilize vizuri. Nilitaka watoto wawe na vitu vya kugawanya kwa mikono, na nyumbani nilikuwa na mahindi yaliyochemshwa. Nikawapa kila dawati bakuli la punje, nikawaambia wahesabu tisini na tano, wagawe kwa nne, waniambie baki. Baki ni tatu. Dawati la kwanza likasema baki ni moja. La pili likasema hakuna baki. Dawati la nyuma likasema, "Mwalimu, hatuna hata hesabu yenyewe." Walikuwa wanatafuna. Tangu siku hiyo nilifundisha kwa mawe madogo ya mtoni. Msiwahi kumfundisha mtoto mwenye njaa kwa kitu kinacholiwa.

Baada ya mawe tukaenda kwa daftari. Niliwafundisha hivi. Andika rundo lako juu. Piga mstari mmoja kutoka juu mpaka chini. Kushoto unaandika rundo linavyopungua, kulia unaandika mkono uliotoa. Tuseme mia tisa thelathini na mbili kwa watu ishirini na tatu. Kila mtu mpe kumi: zimetoka mia mbili thelathini, zimebaki mia saba na mbili. Mpe kumi tena, na tena, na tena, mpaka zinabaki kumi na mbili, ambazo hazitoshi watu ishirini na tatu hata moja moja. Hizo ni za chungu. Jumlisha mikono yako upande wa kulia: arobaini. Aliye na ujasiri atatoa ishirini mara mbili. Aliye na ujasiri zaidi atatoa arobaini kwa mpigo mmoja aende kucheza. Wote watatu wamefika, na hakuna anayeaibika kwa sababu alipita njia ndefu.

Hiyo ndiyo siri yake yote. Ile ya kitabu inamtaka mtoto abahatishe sawasawa kila mara, akikosea kidogo nyumba yote inaanguka. Hii inamwambia, toa unachokiweza, halafu uone kilichobaki.

Jambo moja tu nililifanya sheria. Katika ngwatio, mtu akilalamika kwamba amepunjwa, Cucu Wairimu hakubishana naye. Alisema, "Rudisheni rundo." Kila mwanamke alirudisha viazi vyake vyote, hata vile vya chungu kama havijaiva, vikahesabiwa upya. Basi darasani kwangu hakuna aliyepigia jibu mstari kabla hajarudisha rundo. Zidisha jibu kwa watu, ongeza baki, uone kama umerudi ulikotoka. Nilisema sheria hii ni ya kila mtu anayeshika chaki, awe mtoto, awe mwalimu, awe hedimasta. Nilikuwa nasema tu. Sikufikiri itanihusu.

Katika darasa hilo kulikuwa na msichana anaitwa Wangeci. Ndiye yule aliyeniuliza kwa nini sita inashuka. Alikuwa mwembamba, mpole, na mwoga wa namba. Alitoa kumi kumi. Rundo liwe mia mbili au elfu tatu, Wangeci alitoa kumi kumi, akijaza ukurasa, akigeuza, akijaza wa pili. Wenzake walimwita Kumi Kumi. Siku moja nilikuta amemaliza kurasa tatu kwa hesabu moja, na daftari zilikuwa shida kupatikana. Nikamsimamisha pembeni saa nzima kwa kuharibu karatasi. Alipokuwa amesimama nikafuata hesabu yake kwa kidole, mstari kwa mstari, nikitafuta kosa nimwonyeshe. Halikuwepo. Mistari zaidi ya sitini, na hata mmoja haukukosea. Na mwisho alikuwa amerudisha rundo.

Nikamwambia akae. Sikumwomba msamaha, siku hizo hatukuomba watoto msamaha. Ningeomba leo.

Karibu nasi, darasa la sita, alikuwa Mwalimu Gathogo. Huyo alikuwa na cheti cha chuo, kalamu tatu kwa mfuko wa shati, na viatu vinavyosikika kabla hajafika. Akichungulia darasa langu alisema, "Mwalimu Nyawira, leo viazi ni bei gani?" Aliita hesabu yetu hesabu ya gunia. Nilimjibu kwamba watoto wake wa la sita wakipewa gunia watalala njaa wakitafuta kibanda cha kuliingiza. Tulitaniana hivyo muhula mzima, na hakuna aliyemchukia mwenzake.

Ndipo inspekta wa shule akaja.

Alikuwa amepita shule mbili za jirani, na katika kila moja mwalimu mmoja asiye na cheti alikuwa amerudishwa shambani. Mimi nilijua hesabu hiyo bila kitabu. Alikaa dawati la nyuma, magoti yamemfika kidevuni, akafungua daftari za watoto. Akatazama ile mistari yangu mirefu. Akageuza daftari juu chini, akalirudisha.

"Hii ni nini?"

"Ni kugawanya, Bwana Inspekta."

"Njia ya kitabu iko wapi?"

Akamwita mvulana mmoja ubaoni, akamwandikia hesabu ya kitabu na kibanda chake, akaanza kumwongoza. Alipofika mahali pa kuteremsha namba akamwuliza, "Na hii inashuka chini kwa nini?"

Mvulana akasimama wima kabisa. "Kwa sababu imechoka, Bwana."

"Imechoka?"

Darasa lote likaitikia kwa sauti moja, vile nilivyowafundisha kuitikia mambo ya hakika: "Imechoka, Bwana."

Inspekta akafunga daftari. Kisha akaniita nje, chini ya mabati, akanieleza bila hasira. Watoto wanajua kugawanya, hilo ameliona. Lakini mwisho wa darasa la saba kuna mtihani, na huko mbele watakutana na walimu wa kitabu. Mwalimu wa la tano lazima ajue njia zote mbili. Atarudi baada ya wiki tatu. Atanipa hesabu moja, nitaifanya kwa njia ya kitabu ubaoni, mbele ya darasa. Nikishindwa, kamati itatafuta mtu mwingine.

"Umenielewa, Mwalimu?"

"Nimeelewa."

Nilirudi ndani nikafundisha somo la usafi.

Saa nane mchana nilimfuata Mwalimu Gathogo. Alikuwa ameketi nyuma ya stoo anakula viazi vitamu. Nikamwambia, "Mwalimu, mimi sijui kugawanya kwa kitabu. Sijawahi kujua."

Nilingoja anicheke. Alimeza alichokuwa anatafuna, akasogea kwenye benchi. "Kaa," akasema. "Kwanza hii namba haijachoka."

Wiki tatu alinifundisha, kila siku saa ya chai, kwa kijiti kwenye vumbi. Na mtaniamini nikiwaambia kwamba kilichonisaidia kuelewa kitabu ni rundo. Nilipoona ya kwamba tatu ikikaa juu ya paa mahali pa mamia si tatu, ni mia tatu, ni mkono mkubwa wa Cucu Wairimu umeandikwa kwa ufupi, kila kitu kikakaa mahali pake. Kitabu kinatoa mafungu vilevile, ila kinaficha sifuri zake. Nilimwambia Gathogo hivyo, akasema, "Mimi hilo sikuambiwa chuoni."

Alinionya kitu kimoja, mara nyingi mpaka nikachoka kumsikia. "Sifuri, Mwalimu. Mahali ambapo haigawanyiki, weka sifuri. Mtoto akikosa shule, nafasi yake kwa dawati inabaki wazi, hamsongei mkaijaza. Sifuri ni nafasi ya asiyekuja." Nikasema nimesikia.

Siku ikafika. Inspekta alikuja na hedimasta, na wazee wawili wa kamati, na Gathogo akasimama mlangoni akijifanya anatafuta chaki. Watoto walikuwa wamekaa wima. Walijua. Watoto hujua kila kitu, hamjui wanakisikia wapi.

Inspekta akaandika ubaoni: elfu saba mia mbili tisini na sita, kwa ishirini na nne.

Nikachora kibanda. Ishirini na nne ndani ya sabini na mbili, mara tatu. Nikaweka tatu juu ya paa. Hakuna kilichobaki. Nikateremsha tisa. Ishirini na nne ndani ya tisa haiingii, kwa hiyo nikateremsha sita. Ishirini na nne ndani ya tisini na sita, mara nne. Nikaweka nne juu ya paa. Hakuna baki. Jasho lilikuwa limenifika shingoni, lakini nilikuwa nimemaliza. Jibu: thelathini na nne. Nikaweka chaki kwenye ukingo wa chini wa ubao, nikageuka.

Inspekta alikuwa anautazama ubao. Hedimasta alikuwa anatabasamu, yeye hesabu ilimwacha zamani. Pale mlangoni Mwalimu Gathogo alikuwa amefumba macho.

Nikajua nimekosea. Sikujua wapi.

Kisha mkono mmoja mwembamba ukainuka dawati la mbele.

"Mwalimu," akasema Wangeci, sauti ndogo, "hujarudisha rundo."

Mzee mmoja wa kamati akamkemea. "Wewe mtoto, mkubwa anafanya kazi hapo."

Lakini ilikuwa sheria ya kila anayeshika chaki, na niliiweka mimi. Ningeweza kumwambia anyamaze. Niliokota chaki.

Thelathini na nne mara ishirini na nne. Nikazidisha polepole. Mia nane na kumi na sita.

Darasa lilivuta pumzi. Wangeci alikuwa anatoa kwa kichwa, midomo inacheza. "Mwalimu, kwa rundo kumebaki elfu sita na kitu. Hiyo si ya chungu. Hiyo ni chakula cha mwaka."

Mtu akacheka, nadhani ni Gathogo. Nikarudi kwa kibanda nikaisoma hesabu yangu tangu mwanzo, mbele yao wote, kwa sauti. Sabini na mbili, tatu, sawa. Tisa imeshuka. Haiingii. Hapo nikasimama. Nafasi ya asiyekuja. Nilikuwa nimewasongeza watoto kwa dawati nikaijaza. Nikafuta ile nne, nikaandika sifuri, nikaandika nne baada yake. Mia tatu na nne. Nikarudisha rundo. Elfu saba mia mbili tisini na sita, kamili.

Kisha nikageuka nikamwambia inspekta ukweli, kwa sababu sikuwa na kingine cha kumpa. "Bwana Inspekta, hii ya kitabu nimejifunza wiki tatu. Nilikuwa siijui. Na wale watoto niliwaambia namba inashuka kwa sababu imechoka kwa kuwa sikujua. Kosa ni langu, si lao."

Inspekta akamtazama Wangeci. "Wewe uliyesema rundo. Njoo uifanye hii kwa njia yenu."

Nikasikia watoto wakiguna. Dawati la nyuma mtu alinong'ona, "Kumi Kumi, tutalala hapa." Kumi kumi, hesabu ile ingekuwa mistari thelathini, na ubao wetu ulikuwa mfupi.

Wangeci alichukua chaki. Akaandika rundo juu, akapiga mstari mrefu mpaka chini, akasimama. Akalitazama rundo. Mimi nilimjua, nikaona mkono wake unaanza kuandika moja na sifuri upande wa kulia, vile alivyofanya mwaka mzima. Akaiandika. Akaitazama. Kisha akaongeza sifuri nyingine.

Mia. Zimetoka elfu mbili mia nne. Mia tena. Mia tena. Zikabaki tisini na sita. Nne. Mistari minne tu, na mikono yake kulia akaijumlisha: mia tatu na nne. Akarudisha rundo bila kuambiwa.

"Na baki?" akauliza inspekta.

"Hakuna, Bwana," akasema Wangeci, akifuta chaki kwa sketi. "Leo chungu kitakaa bure."

Inspekta aliandika kitu kwa kitabu chake cheusi, akanionyesha kabla hajakifunga. Aliandika kwamba mwalimu aendelee na darasa la tano, afundishe njia zote mbili, aanze na ya mafungu. Na kwamba anaombewa nafasi ya masomo ya walimu wakati wa likizo. Nilienda masomo hayo nikapata cheti, mwanamke mzima kati ya wasichana wadogo, na darasa la tano nililishika mpaka nikastaafu.

Mwalimu Gathogo siku hiyo alinifuata mpaka langoni. "Mwalimu Nyawira, nilikwambia sifuri."

"Uliniambia."

"Nilikwambia mara ngapi?"

"Toa kumi kumi utapata," nikasema.

Basi mnaofundisha, nendeni na karatasi zenu za rangi, sina ubaya nazo. Wafundisheni watoto kutoa wanachokiweza, na msimharakishe anayetoa kumi. Lakini wafundisheni pia kuwaambia nyinyi mrudishe rundo, na siku watakapowaambia mbele ya wakubwa, okoteni chaki.

Wangeci sasa ana wajukuu huko Kagio, na ana duka la nafaka. Mwaka jana nilipita nikanunua maharagwe. Alinipimia kwa mkebe wa gorogoro, mikebe miwili imejaa, halafu akaangalia ndani ya gunia, akaona punje chache zimebaki chini, hazitoshi kupimwa. Akazimimina zote kwa mfuko wangu.

"Hizo ni za chungu, Mwalimu," akasema.